Viwakilishi vya Mtendewa katika Kihispania Vifundishwe kwa Kiswahili

Kuna desturi katika ufundishaji wa lugha za kigeni ambayo twaona imedumu mno, na ambayo yafaa wanachuo waitafakari kabla hawajairithi. Nayo ni desturi ya kumpeleka mwanafunzi kwenye lugha mpya kwa kumpitisha katika lugha ya tatu, isiyo yake wala isiyo ile anayojifunza. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili akitaka kujifunza Kihispania, aghalabu hutiwa mkononi kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasemao Kiingereza. Mashaka yanayoelezwa humo ni mashaka yao, maonyo yaliyomo yamekusudiwa wao, na mwanafunzi wetu hulazimika kuugua kwanza ugonjwa ambao hakuwa nao ndipo apewe dawa yake. Katika makala haya twachukua mfano mmoja tu, yaani viwakilishi vya mtendewa, kwa sababu hapo ndipo hasara ya desturi hiyo inapoonekana waziwazi.

Huenda mwanachuo akauliza: mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu, ana haja gani na Kihispania? Swali ni la haki. Hatudai kwamba Kihispania kiingizwe katika ratiba ya darasa la tatu. Twasema tu kwamba mwalimu wa lugha huielewa kazi yake vizuri zaidi anapoitazama ikifanyika katika lugha asiyoizoea, kwani katika lugha aliyoizoea mambo mengi humpita bila ya kuyaona. Aidha, Kihispania hakiko mbali nasi kama kinavyodhaniwa. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, yakitumia kuwa lugha rasmi, na watoto wasemao Kifang au Kibubi nyumbani, ambazo ni lugha za Kibantu kama chetu, hukutana na Kihispania shuleni. Mwalimu wao ana shughuli ile ile aliyo nayo mwalimu wa kwetu anayewapokea watoto wa Kisukuma au wa Kihaya na kuwatia katika Kiswahili.

Tuanze na maneno yenyewe. Katika sentensi "alinipa mkate" kuna watatu: mtendaji aliyetoa, mkate uliotolewa, na mimi niliyepokea. Huyu wa tatu ndiye mtendewa, au kwa istilahi ya wanasarufi, yambwa tendewa. Kihispania humwonyesha kwa neno dogo linalosimama jirani na kitenzi: "me" ni mimi, "te" ni wewe, "le" ni yeye, "nos" ni sisi, "os" ni nyinyi kama wasemavyo Hispania, na "les" ni wao. Basi "me dio pan" ni "alinipa mkate", na "te doy pan" ni "nakupa mkate". Mwanafunzi wa Kiswahili akiyatazama maneno hayo sita haoni kigeni chochote. Hizi ni ni-, ku-, m-, tu- na wa- zake mwenyewe, ila zimetolewa nje ya kitenzi zikasimamishwa mlangoni.

Tazama jinsi ukoo huo ulivyo wa karibu. "Le" haitofautishi mwanamume na mwanamke, na m- yetu vilevile haitofautishi. Katika Amerika ya Kilatini, ambako "os" haitumiki katika usemi wa kawaida, "les" husimama kwa nyinyi na kwa wao pia, kama vile wa- yetu inavyofanya katika "nitawapa". Mswahili anayetaka kuondoa shaka huongeza "nyinyi" au "wao". Mmeksiko huongeza "a ustedes" au "a ellos". Mwalimu anayelijua jambo hili ataliondoa katika dakika mbili. Asiyelijua atatumia kipindi kizima kuwaeleza wanafunzi maana ya vihusishi vya Kiingereza, kisha atashangaa kwa nini wamechoka.

Lakini mahali ambapo tunaudhika hasa ni hapa. Kihispania husema "le di el libro a Juan". Neno kwa neno, "le" ni yule mpokeaji, na "a Juan" ni yule yule mpokeaji ametajwa tena kwa jina. Vitabu vilivyotungwa kwa wasemaji wa Kiingereza huliita jambo hili marudio ya ziada, na humwomba mwanafunzi radhi kwa ajili yake, kana kwamba Wahispania wamepitiwa. Ziada gani? Sisi husema "nilimpa Juan kitabu", na m- hiyo imo pamoja na Juan mwenyewe. Hakuna Mswahili awezaye kuiondoa, kwani katika kauli ya kutenda kitenzi -pa hakisimami kabisa bila ya kiambishi cha anayepewa. Jambo ambalo kwa Mwingereza ni ajabu, kwa mtoto wetu wa miaka minne ni usemi wa kila siku. Na bado mwanafunzi aliyefundishwa kwa kupitia Kiingereza hufika akaanza kusema "di el libro a Juan" bila ya "le", usemi ambao sarufi haiukatazi lakini ambao mazungumzo ya kila siku huuzoea kidogo. Tumemnyang'anya alichokuwa nacho, kisha tukamwuzia.

Lugha hizi mbili zimekutana pia katika kuwatenga watu na vitu. "Niliona kitabu" haihitaji kiambishi, lakini "nilimwona Juan" yakihitaji. Kihispania nacho husema "vi el libro" kwa kitabu, na "vi a Juan" kwa mtu, kwa kutia "a" ambayo haimo mbele ya kitabu. Njia si moja, ila nia ni moja: mtu hatajwi kama kitu.

Upande wa kauli ya kutendea ndio wenye utajiri zaidi, na tungependa mwanachuo akae hapo kwa muda. "Le escribí una carta a mi madre" ni "nilimwandikia mama barua". "Le abrí la puerta" ni "nilimfungulia mlango". Sisi twaongeza -ia au -ea katika mnyambuliko wa kitenzi. Kihispania hakina mnyambuliko huo, bali huiachia "le" peke yake ibebe mzigo wote. Na mzigo wenyewe si wa kufaidiwa tu. "Le robaron la cartera" ni "walimwibia pochi", ambapo mtendewa amepata hasara. Kiingereza hulazimika kubadili kihusishi ili kueleza wizi huo. Kiswahili na Kihispania havibadili kitu, kwa sababu vyote viwili vyamtazama mtu aliyeguswa na tendo, liwe jema au baya. Tofauti yaonekana katika kununua. "Le compré el coche" yaweza kuwa "nilimnunulia gari" au "nilinunua gari kwake", na ni mazungumzo yenyewe yatakayoamua. Kiswahili kimefafanua zaidi hapo, na mwanafunzi aelezwe hivyo bila ya haya, kwamba katika jambo hili lugha yake ina uwazi ambao nyingine haina.

Kisha kuna mwili. Mhispania huseme "me duele la cabeza", na sisi husema "kichwa kinaniuma". Kichwa ndicho mtendaji, na mwenye kichwa ndiye mtendewa. Vikiwa vingi, kitenzi hufuata: "me duelen los pies", "miguu inaniuma". Hakuna anayesema "miguu yangu inauma" ila kwa nadra, na Kihispania nacho huona si vizuri kuweka kimilikishi hapo wakati "me" imekwisha sema miguu ni ya nani. "Le lavó la cara al niño": "alimwosha mtoto uso". "Se me perdió el libro": "kitabu kimenipotea". Hii ya mwisho huwatesa mno wanafunzi wa Ulaya ya Kaskazini, kwani hawaelewi jinsi kitabu kiwezavyo kumpotea mtu pasipo mtu huyo kukipoteza. Wetu hucheka tu, maana wamekwisha itumia hoja hiyo mara nyingi mbele ya mwalimu.

Kutokana na kuumwa, mwalimu apande kwenye kupendezwa. Kitenzi "gustar" kimetungiwa maonyo kurasa kwa kurasa, ilhali "me gustan los mangos" ni "maembe yananipendeza", na maembe ndiyo yanayotawala kitenzi katika lugha zote mbili. Hapa lakini pana tahadhari. Kiswahili kina njia nyingine, tena iliyo nyepesi zaidi, "napenda maembe", na mwanafunzi akiachwa peke yake atashika hiyo na kusema jambo lisilosemeka. Kwa hiyo mwalimu asifasiri "gustar" kwa kupenda hata mara moja katika majuma ya mwanzo. Ashikilie kupendeza. "Imenibakia shilingi moja", "me queda un chelín". "Imenipungukia shilingi moja", "me falta un chelín". Vitenzi vya namna hiyo tunavyo vya kutosha, na vyafaa vikusanywe pamoja na kufundishwa kwa mfululizo mmoja.

Sasa tuseme yale ambayo Kiswahili hakitusaidii, au hata hutupotosha, kwani mwalimu asemaye kuwa lugha mbili zalingana pote ameacha kufundisha na kuanza kuhubiri.

Mtego mkubwa uko katika nafsi ya tatu. Kiswahili hutumia m- kwa mtendwa na kwa mtendewa bila ya kubagua: "nilimwona", "nilimpa". Kihispania hubagua. Aliyeonwa ni "lo" akiwa mwanamume na "la" akiwa mwanamke. Aliyepewa ni "le" kwa wote wawili. "Lo vi", "la vi", lakini "le di". Mwanafunzi wetu atasema "le" kila mahali, na ile "a" ya "vi a Juan" itamthibitishia kosa lake. Twapendekeza kipimo kilicho ndani ya Kiswahili chenyewe. Baada ya kiambishi na kitenzi, uliza: nini? "Nilimpa", nini? Kitabu. "Nilimwambia", nini? Habari. "Nilimwuliza", nini? Swali. Penye jibu pana nafasi ya kitu, basi mtu ni mtendewa, naye huchukua "le": "le di", "le dije", "le pregunté". Lakini "nilimwona", nini? "Nilimtafuta", nini? "Nilimngoja", nini? Hapana jibu, kwa kuwa nafasi ya mtendwa imekaliwa na mtu mwenyewe: "lo vi", "lo busqué", "lo esperé". Hata "nilimpiga" hujibu kipimo hiki, maana yaweza kuulizwa nini na kujibiwa kofi au ngumi. Na Kihispania cha sehemu nyingi husema "le pegué".

Kipimo hicho kina mipaka yake. Kwa vitenzi vya kuuma na kupendeza hakifai, kwa sababu kitu ndicho mtendaji na hakibaki cha kuulizwa. Hivyo vijifunzwe kuwa kundi lao. Tena mwanachuo asidanganywe na mlio wa -ia mwishoni mwa kitenzi. "Kusikia" si kauli ya kutendea ya leo, na "nilimsikia" ni "lo oí". Jambo jingine la kumwandaa mwanafunzi ni kwamba akisikia watu wa sehemu za kati na kaskazini ya Hispania wakisema "le vi" kwa mwanamume mmoja, asifikiri kwamba amefundishwa uongo. Akademia ya lugha hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1713, yaikubali matumizi hayo kwa mwanamume katika umoja. Sisi twashauri "lo" ifundishwe kwanza, kwa kuwa ndiyo ya sehemu kubwa ya Amerika na hata ya kusini ya Hispania, na nyingine itajwe baadaye.

Mtego wa pili ni kauli ya kutendwa. "Juan alipewa kitabu" ni Kiswahili safi, na Kiingereza nacho hukubali muundo huo. Kihispania hukataa katakata kumfanya mpokeaji kuwa kiima. Husema "a Juan le dieron un libro", yaani "Juan walimpa kitabu", hata kama haijulikani ni akina nani waliotoa. Hapa kwa mara moja wasemaji wa Kiswahili na wa Kiingereza wamekaa benchi moja.

Mtego wa tatu ni wa viwakilishi viwili kwa pamoja. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya yambwa. Ukimtia mtu, kitu hubaki nje au hunyamaziwa. "Kitabu kiko wapi?" "Nimempa Juan." Yatosha. Kihispania hakinyamazi: ni lazima kitu nacho kiwakilishwe, na mtu atangulie: "me lo dio", alinipa hicho. Wanachuo wanaotoka katika lugha nyingine za Kibantu wana msaada ambao Kiswahili hakina. Mnyarwanda husema "yarakimuhaye", ambamo -ki- ni kitabu na -mu- ni mtu, vyote viwili ndani ya kitenzi kimoja. Ila huko kitu hutangulia na mtu hufuata, kinyume cha Kihispania. Mkufunzi mwenye darasa la mchanganyiko na awaulize wanachuo wake lugha za kwao zafanyaje, maana Kihaya na Kichaga navyo huruhusu zaidi ya kiambishi kimoja.

Hapo ndipo linapozuka lile jambo linalowachanganya wengi: "le" ikikutana na "lo" hugeuka "se". Hatusemi "le lo di", bali "se lo di". Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba sauti mbili za l zikifuatana ni mbaya masikioni. Hatuyakubali, kwani lugha hiyo hiyo husema "la lana" na "los lagos" bila ya kuona ubaya wowote. Sababu ni ya historia. Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi ya Kihispania mjini Salamanca mwaka 1492, watu walikuwa wakisema "gelo", umbo lililotokana na Kilatini. Baadaye sauti ile ya mwanzo ilikaribiana na ya "se", na maneno mawili yasiyo na udugu yakavaa nguo moja. Mwanafunzi wa shule hana haja ya Kilatini, lakini anastahili kuambiwa kweli kwa sentensi moja, badala ya kupewa sababu ya kubuni ambayo siku moja ataigundua.

Kuhusu mahali pa kiwakilishi hatuna mengi. Hutangulia kitenzi chenye njeo, na hugandamana na mwisho wa amri na wa kitenzi-jina: "te doy", "dame", "quiero darte". Sisi humweka mtu kabla ya mzizi daima: "nakupa", "nipe", "nataka kukupa". Amri ikikanushwa, Kihispania hurudi kwetu: "no me des", "usinipe". Mazoezi ya siku chache yatosha.

Twageukia darasa. Somo hili lianze kwa mikono, si kwa jedwali. Mwalimu ashike chaki, ampe mwanafunzi huku akisema "te doy la tiza". Mwanafunzi ampe jirani yake kwa maneno hayo hayo. Jirani aulizwe amefanyiwa nini: "me dio la tiza". Darasa zima lieleze: "le dio la tiza". Kisha chaki irudi kwa mwalimu, na hapa pana jambo zuri. Kwa mtu wa heshima Kihispania hutumia "usted", ambayo huchukua maumbo ya nafsi ya tatu. Basi mwanafunzi akimrudishia mwalimu chaki husema "le doy la tiza", wala si "te doy". Sisi heshima hiyo hatuitii katika kiambishi. Twaitia katika kutaja "Mwalimu", na katika kutoa kwa mkono wa kulia. Mtoto aliyefunzwa adabu nyumbani ataelewa mara moja kwamba "le" hiyo ndiyo mkono wa kulia wa Kihispania. Jedwali la maneno sita liandikwe ubaoni mwishoni mwa kipindi, wanafunzi wakilisoma kwa kulitambua na si kwa kulikariri.

Tunajua litakalosemwa na baadhi ya wakufunzi wenzetu, kwamba mwanafunzi ahimizwe kufikiri katika lugha mpya tangu siku ya kwanza na kwamba lugha ya mama ifungiwe nje. Twaheshimu juhudi iliyomo katika rai hiyo, lakini hatujapata kuona mlango unaoweza kuizuia lugha ya mama isiingie. Ikikatazwa kuingia na mwalimu huingia kwa siri pamoja na makosa yake, na mwalimu asiyeitazama hatajua "le vi" ya mwanafunzi wake imetoka wapi. Wale wanaoikataza, tena, mara nyingi huwa wameiruhusu lugha nyingine, ile ya kitabu, ikae kitini pake.

Na mitihani ibadilike pia. Swali lisemalo "andika viwakilishi sita vya mtendewa" hujibiwa vyema na mwanafunzi asiyeweza kuomba maji ya kunywa. Mtahini na aweke mezani kitabu, kalamu na embe, awaite wanafunzi watatu, na aamuru kila kitu kimfikie mtu fulani. Kisha amwulize wa tatu nani alimpa nani nini, na kila mmoja amebakiwa na nini.